Mstari Juu ya Nyumba ya Fundi Saa

Watu waliompa jina la Bi Hapana hawakuwahi kumwona uso. Walikuwa wametawanyika kila pembe ya dunia, kila mtu na kompyuta yake mapajani, na jina hilo walimpa kwa sababu ndilo jibu alilolipenda kuliko yote. Ukimwandikia kwa adabu, hapana. Ukimwandikia kwa matusi, hapana vilevile, na nukta mwishoni. Kazi yake, ile isiyo na mshahara, ilikuwa kutunza kiendeshi cha kadi moja ya waifai. Kiendeshi ni kipande cha programu kinachoufundisha mfumo wa kompyuta namna ya kusema na kadi hiyo: iamke vipi, itume kwa nguvu gani, ikae chaneli ipi. Na mfumo wenyewe ulikuwa wa programu huria, maana yake kila mwenye macho anaweza kuusoma, kuufumua, na kuleta kiraka chake, yaani marekebisho yake, akitaka kipokelewe. Na viraka vilikuja, jamani, usiseme.

Wengi walitaka kitu kimoja tu. Walitaka aondoe kufuli la nchi. Hili inabidi nilieleze sasa hivi, kwa sababu bila hilo hadithi haina miguu. Mawimbi ya angani yamegawanywa kama mashamba. Kila nchi ina sheria yake: chaneli hii ruhusa, ile marufuku, hapa sema kwa sauti, pale nong'ona. Kadi ya waifai huambiwa iko nchi gani, nayo ikishajua, hujiheshimu. Tena kuna kipande kimoja cha masafa ambacho mwenyewe hasa ni rada ya hali ya hewa, ile inayotazama mawingu. Humo waifai ni mgeni. Kabla haijasema neno lazima ikae kimya isikilize, na ikisikia rada iko karibu, iondoke bila kubishana. Anayesimamia adabu hiyo ni kiendeshi.

Watu hawakuipenda adabu hiyo hata kidogo. Waliandika kwamba kompyuta ni yangu, nyumba ni yangu, umeme nalipa mimi, nani wa kunipangia? Bi Hapana aliwajibu wote kwa sentensi moja, hata ikafika mahali akawa anaibandika tu bila kuiandika upya: mawimbi hayajui ukuta wa nyumba yako unaishia wapi. Hapana.

Wakamwona ana roho ya jiwe. Mmoja alimwandikia kwamba mwanamke wa namna hii lazima hana mtu nyumbani. Hapo, kwa bahati mbaya, yule mshenzi alikuwa amesema kweli.

Alikaa peke yake ghorofa ya juu kabisa, vyumba viwili na ngazi ya chuma ya kupandia kwenye paa. Kulikuwa na viti viwili mezani, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea nyaya. Kazi ya mshahara aliifanya hapohapo nyumbani, akirekebisha ruta za kampuni ambayo ofisini kwake alifika mara moja tu, siku ya kuajiriwa. Chakula kililetwa mlangoni na kijana aliyekwisha kuwa mbio ngazini kabla hajaambiwa asante. Kuna siku aligundua jioni kwamba sauti haijamtoka tangu asubuhi, akakohoa kidogo kuijaribu kama mtu anavyogonga tochi yenye betri chovu. Alikuwa mpweke, na alijua, na alikuwa hodari sana wa kutolifikiria.

Ng'ambo ya bonde, karibu na kijito, alikaa baba yake. Huyu naye hakuna aliyemwita kwa jina. Mtaa mzima ulimjua kama Fundi Saa. Siku ya anga safi ungesimama juu ya paa la Bi Hapana ukaliona bati la nyumba ya baba yake linamemeta. Kwa ndege ni kuruka na kutua. Kwa basi, loo, barabara inazunguka bonde lote, unashuka unapanda lingine, na asubuhi nzima imekwisha kabla hujasema hodi.

Mzee alikuwa mjane. Bado alitengeneza saa, ingawa sijui nani siku hizi ana shida ya kutengenezewa saa, na masikio yake yalikuwa mazito. Saa aliisikia vizuri kwa kuibana kwenye mfupa nyuma ya sikio. Tatizo ni kwamba watu hawabaniki hivyo. Binti yake alimnunulia simu; akampa jirani. Akamnunulia nyingine, hii akaifungua aone inatunzaje majira, na haikufungika tena.

Mama alipofariki, Bi Hapana alikuwa akienda kila Jumapili. Baadaye ikawa Jumapili moja inaruka moja. Kisha kazi zikabana, mvua ikanyesha, kichwa kikauma, unajua mambo yanavyokwenda. Ndipo akapata wazo, na lilikuwa wazo la mapenzi, hilo simnyimi. Akachukua kompyuta ndogo mbili za kizamani, kila moja kisanduku cha kukaa kwenye kiganja, akatia ndani kadi zilezile alizozitunza kwa miaka, akafunga antena juu ya paa lake na nyingine juu ya paa la baba yake, zitazamane kuvuka bonde.

Hazikukubali. Kiungo cha mawasiliano kilishika, kikakatika, kikashika, kikakatika. Alijua sababu mara moja, mtu wa kazi yake angekosaje kujua? Nyuma ya jengo lake, mlimani, kulikuwa na rada ya hali ya hewa. Antena ya baba, ikimtazama yeye, ilikuwa inaitazama na rada usoni. Kila kadi ilipoisikia rada, kiendeshi kiliinyamazisha na kuifukuza, kama alivyokiandika yeye mwenyewe kifanye. Akajaribu chaneli za chini. Zilijaa kelele za mtaa mzima, na nguvu inayoruhusiwa huko haivuki bonde. Za juu kadi ile ya zamani haikuzijua. Jua lilikuwa linazama, na baba yake alikuwa bado ameshika ngazi chini, mikono inamtetemeka.

Basi Bi Hapana, huyuhuyu, akafungua kiendeshi chake ndani ya visanduku vile viwili, akautafuta ule mstari unaosema ukisikia rada nyamaza, akauwekea alama moja mbele ili mashine iuruke. Alijiambia ni kwa kujaribu tu, aone kama antena zimelengana. Kesho nitaurudisha. Kiungo kikasimama imara. Akashuka, akamwambia baba apumzike, kazi imekwisha.

Kesho yenyewe haikufika. Mganga hajigangi.

Basi wakazoea. Baba hakutaka kamera, alisema hataki kutazamwa akila. Hawakutumiana neno, kwa sababu mzee kuandika kwenye kioo cha kompyuta hakuweza na kusikia hakusikia. Ilikuwa hivi tu: asubuhi akiamka, kabla ya chai, alibonyeza swichi ya kisanduku. Ng'ambo, kwenye kioo cha binti yake, ukatokea mstari mdogo kuonyesha kwamba kituo cha pili kipo. Na kwa mzee ikawaka taa ya kijani, maana yake binti yupo. Usiku akilala, alizima. Bi Hapana alianza siku kwa kutazama kioo hicho kabla hajanawa uso, na akiuona ule mstari alisema kwa sauti, peke yake chumbani, "Baba amewasha." Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee aliyoyatamka mpaka jua kuzama.

Kuna asubuhi moja mstari haukutokea. Roho ilimruka. Lakini yeye ni mtu wa ushahidi, hakurupuki. Akafungua tangazo la shirika la umeme, akaliona eneo la baba yake limo kwenye matengenezo ya siku nzima, akashusha pumzi, akachemsha chai, akarudi kazini. Jioni mstari ukatokea. Alijisifu moyoni kwa kuokoa safari nzima ya bure, na hakulifikiria jambo hilo tena.

Sasa siku moja ikaingia barua pepe kwenye orodha wanakojadiliana watu wa kiendeshi kile. Imetoka kwa mtu aliyejitambulisha kama fundi wa rada. Aliandika kwa upole wa mtu asiyezoea kuandikiana na watu. Alisema rada yake ina ugonjwa wa muda mrefu: kwenye picha ya mawingu unatokea mstari mnene unaoanzia katikati na kwenda mpaka ukingoni, unaonekana kama mvua, na mvua yenyewe haipo. Ofisini waliuzoea, wakaupa jina, mvua ya uongo, wakawa wanaupita kwa macho. Jioni ya kuamkia juzi mvua ya kweli ilikuja kutoka upande uleule. Ikaingia ndani ya mstari. Waliokuwa zamu wakasema ni ileile ya uongo, hawakutoa tahadhari, na alfajiri kijito kikafurika, nyumba za chini zikaingia maji hadi magotini. Hakuna aliyekufa. Aliandika kwamba safari ijayo hana hakika kama watu watapona.

Alikuwa ameupima ule mstari, na kwa jinsi mawimbi yake yanavyokuja aliamini ni waifai, tena ya kadi hii hii, na kwamba kuna mtu amekichezea kiendeshi. Alikuwa amesikia kwamba Bi Hapana ni mtu mkali kwa mambo haya. Je, angemsaidia kumpata huyo mjinga?

Bi Hapana damu ilimchemka. Akaanza kujibu papo hapo. Aliandika kwamba hawa ndio watu anaowapigia kelele miaka yote, watu wanaodhani anga ni sebule yao, na kwamba atamsaka huyo mpumbavu mpaka ampate. Aliandika vizuri sana siku hiyo. Kisha, kwa kutaka kuwa na hakika, akaifungua picha.

Rada ilikuwa katikati, mlimani. Mstari ulitoka hapo, ukapita juu ya soko, ukapita juu ya kituo cha mabasi, ukapita juu ya jengo lake mwenyewe, ukavuka bonde na kushuka kwenye kijito, ukaendelea. Hakuhitaji kupima. Aliufahamu uelekeo huo, kwa sababu aliulenga kwa mikono yake akiwa amepiga magoti juu ya bati la baba yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaifuta ile barua neno kwa neno.

Jambo la pili lilimjia polepole, na ndilo lililomkata maini. Juzi. Alfajiri. Nyumba za chini. Akatafuta kwenye kumbukumbu za kisanduku chake, akaikuta asubuhi hiyo, na ndani yake kituo cha pili kilikuwepo, kimewashwa saa ileile ya siku zote. Alikumbuka hata kusema Baba amewasha. Alikuwa amekunywa chai yake ametulia, baba yake yumo majini.

Mtu mwingine angeinuka pale pale. Yeye hakuinuka, na sitamtetea. Siku nzima alizunguka chumbani akijipa sababu. Angeweza kupunguza nguvu. Akajaribu upande wake, kiungo kikafa. Angeweza kumjibu fundi wa rada kwamba tunachunguza, na nani angemjua? Hao wote wa kwenye orodha hawajui hata anakaa bara gani. Kilichomshika hakikuwa woga wa sheria wala wa aibu, ingawa aibu ilikuwepo. Aliogopa asubuhi. Aliogopa kuamka, kutazama kioo, na kutojua. Mstari ule ulikuwa kitu pekee duniani kilichomwambia kila siku kwamba kuna mtu ameamka na jambo la kwanza alilofanya ni kwa ajili yake.

Asubuhi iliyofuata mstari ukatokea. Alifurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi. Akafungua picha ya rada, inayowekwa hadharani watu wote waione. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka ng'ambo, mabonge makubwa, na kila lilipofika kwenye ule mstari lilizama ndani yake lisionekane. Chini ya mstari kuna kijito, na kando ya kijito yuko mzee asiyesikia. Kama kungekuwa na tahadhari, jirani wangemgongea. Lakini nani angeitoa, na yeye binti amewafumba macho watu wa rada?

Akapiga moyo konde. Kuizima antena ile kutoka huku angeweza, ni amri moja tu. Lakini taa ya kijani ya baba ingezimika ghafla, na mzee angefikiri nini? Lazima aende. Akamwandikia fundi wa rada, si kwenye orodha bali yeye mwenyewe: "Ni mimi. Nakwenda kuizima leo."

Jibu lilichelewa kidogo. Fundi wa rada hakumlaumu, wala hakumpongeza. Aliuliza tu, "Kuna mtu upande wa pili?"

Akajibu, "Baba yangu."

Yule bwana akaandika kwamba mawingu ya leo yatafika jioni, ana muda, asikimbie. Akaongeza kwamba huko juu mlimani yuko peke yake na mashine, na kwamba anaelewa. Bi Hapana aliyasoma maneno hayo mara kadhaa ndani ya basi.

Nyumba ya baba aliiona tofauti kabla hajafika. Ukutani kulikuwa na alama ya matope, sawasawa kama iliyopigwa kwa rula, inapita chini ya dirisha. Godoro lilikuwa limeanikwa kwenye ua. Fundi Saa alikuwa ameketi kwenye benchi lake la kazi, kioo cha kukuzia jichoni, na kisanduku kilikuwa juu ya kabati, mahali pa juu kabisa mle ndani. Zamani kilikaa chini, karibu na mlango.

Alimgusa bega ili asimshtue. "Shikamoo, baba."

Mzee akageuka, kioo bado jichoni. "Marahaba, mama." Alimwita mama tangu utotoni, kwa kuwa alichukua jina la bibi yake. Kisha akaondoa kioo, akamtazama vizuri. "Nani amekufa?"

Akamwambia hakuna aliyekufa. Ilibidi alirudie kwa sauti, na mzee akaendelea kumtazama kama mtu asiyeamini hesabu. Alipouliza habari za maji, baba yake alisema yalikuja na yameondoka, maji hayana makao. Yalimkuta kitandani. Aliinua saa za watu kwanza, halafu kisanduku, halafu godoro, lakini godoro ni zito. Maji yalipopungua na umeme kuonekana uko salama, akakiwasha.

"Kwa nini ulikiwasha, baba? Ulikuwa kwenye matope."

"Ilikuwa asubuhi," alisema mzee. "Ungekuwa na wasiwasi."

Bi Hapana alikaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na godoro. Alimweleza yote, akipaza sauti mpaka koo likamkwaruza, maana koo lenyewe halikuzoea kazi. Alimweleza rada ni nini na inatazama wapi, na kwamba antena yao ilikuwa inaitia kiwi machoni, na kwamba ndiyo sababu hakuna aliyekuja kuwagongea mlango usiku ule. Mzee hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kichwa chake hakikuwa na shida, shida ilikuwa masikio. Alitazama kisanduku juu ya kabati.

"Kumbe ni hiki."

"Si hicho, baba. Ni mimi. Kilitaka kunyamaza, mimi nikakikataza."

Mzee alitikisa kichwa polepole, akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo chake cha kukuzia ingawa kilikuwa safi. Bi Hapana akaharakisha kusema kwamba vipo vifaa vingine, vya masafa mengine, vya halali kabisa. Ni kuomba kibali na kungoja, na atakuja kumfungia, itakuwa kama mwanzo.

"Usiniletee kingine," alisema baba yake.

Alisema bila hasira. Aliendelea kufuta kile kioo, halafu akaanza kueleza, macho yakiwa kwenye kitambaa. Kwamba kabla ya kisanduku alikuwa na Jumapili. Zilikuwa zinapungua, kweli, lakini zilikuwepo. Kisanduku kilipokuja, Jumapili zikaisha kabisa, na hakumlaumu, maana mtu akishajua mzazi wake mzima, aende kufuata nini? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, akasema, nayo haisaidii kubeba godoro.

Akakikunja kitambaa. Bi Hapana alidhani amemaliza.

"Unakumbuka siku ile umeme ulipokatika kutwa?" aliuliza mzee. "Niliamka nikabonyeza, hakuna. Nikajua leo hataniona. Nikavaa shati safi, nikatoa kiti, nikakaa mlangoni."

Bi Hapana alifungua mdomo. Alilolipata lilikuwa la kweli, na lilikuwa baya kupita uongo. "Niliangalia tangazo la shirika. Niliona ni umeme tu."

"Ndiyo. Wewe una akili sana, mama." Hakuwa anamsuta, alijivunia akili zake tangu akiwa darasa la kwanza. "Baadaye nikafikiri, siku moja nisikiwashe makusudi. Umeme upo, mimi nipo, nisikiwashe tu. Nione."

"Mbona hukufanya?"

Mzee alikitia kile kioo mfukoni. "Niliogopa usije."

Bi Hapana aliinamisha uso. Machozi yalimtoka, akayaacha, na baba yake akajifanya hamnazo, akaenda uani kuchukua ngazi.

Alipanda mwenyewe, mzee akashika chini kama zamani. Bati lilikuwa la moto. Alifungua skrubu za antena moja moja, kutu imeshazila, na alipoishusha alitazama ng'ambo akaliona jengo lake, dogo, na nyuma yake mlima na lile duara jeupe la rada juu. Hakuwa amewahi kuviona pamoja namna hiyo. Alipoteremka walikizima kisanduku. Mzee ndiye aliyebonyeza swichi. Aliiomba kazi hiyo. Wote wawili walitazama taa zake mpaka ya mwisho ilipozimika, kisha mzee akasema chai itapoa.

Walikunywa chai. Wakaliburuta godoro ndani, yeye upande huu na baba upande ule. Mzee alimshika mkono akaivua saa yake, akaibana nyuma ya sikio, akamwambia inachelewa, akaifungua na kuirekebisha papo hapo. Kisha akamsindikiza kituoni, kwa sababu basi la mwisho haliwangojei watu.

Jioni, akiwa nyumbani, ikaja picha kutoka kwa fundi wa rada, bila maneno. Mstari haukuwepo. Ng'ambo ya bonde, juu ya kijito, mawingu yalionekana yote, kila moja na umbo lake, yakipita kando na kwenda zake. Tahadhari haikuhitajika siku hiyo. Aliurudisha ule mstari wa kiendeshi kwenye kisanduku chake, ingawa sasa kadi haikuwa na wa kusema naye. Ilisikiliza tu, kama ilivyoandikwa.

Asubuhi mkono ulikwenda kwenye kioo wenyewe, kabla macho hayajafunguka vizuri. Hakuna kitu. Alijua hakutakuwa na kitu, na bado ilimuuma kifuani kama ile asubuhi ya umeme kukatika. Alingoja, sijui alingoja nini. Aliwaza pengine baba ameamka, pengine hajaamka, pengine ameteleza uani, na hakukuwa na tangazo lolote duniani la kumwambia. Kwenye orodha kulikuwa na viraka vinamngoja na mtu mmoja anamtukana. Akafunga kompyuta. Ilikuwa siku ya kazi, tena si Jumapili. Akavaa viatu.

Basi lilizunguka bonde kwa mwendo wake uleule wa kuudhi. Aliposhuka alitembea haraka, kisha akakimbia, mtu mzima na mkoba wake, majirani wakamshangaa.

Fundi Saa alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti. Cha pili kilikuwa kando yake. Alikuwa amevaa shati safi, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na mikono ameiweka magotini kama mtu aliyeitwa kupigwa picha.

Bi Hapana alisimama mbele yake, akihema. Aliinama karibu na sikio lake ili asilazimike kupaza sauti. "Umejuaje kama nitakuja?"

"Sikujua," alisema baba yake.